Uzoefu Wangu wa Kuchagua Taa za Mbele za LED zenye Projekta

Kwa miaka mingi gari langu lilitumia balbu za halojeni aina ya H4, zile zenye nyuzi mbili, mmoja wa dimu (mwanga wa chini) wa wati 55 na mwingine wa fulu (mwanga wa mbali) wa wati 60. Usiku mmoja, kwenye barabara isiyo na taa, nilimpita mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli kando ya lami, nami sikumwona mpaka alipofika usawa wa kioo changu cha pembeni. Sikulala vizuri usiku ule, na kulipokucha nilikuwa nimekwisha kuamua kubadilisha taa.

Nilianza kwa kosa ambalo naamini wengi hulifanya. Nilinunua balbu za LED za kuchomeka mahali pa zile za H4, nikavutwa na idadi kubwa ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi. Mwanga ulikuwa mweupe na mkali karibu na gari, lakini kila dereva niliyekutana naye alinipigia fulu, ingawa nilikuwa kwenye dimu. Nilipoegesha mbele ya ukuta nikaona kwamba mwanga umetapakaa hadi juu, hauna mpaka wowote. Kiakisi cha taa ya halojeni, yaani sehemu ya ndani inayong'aa na kurudisha mwanga mbele, huchongwa kwa kufuata mahali hasa uzi unapowaka, kwa hiyo chanzo cha mwanga kikisogea kidogo tu au kikiwa na umbo jingine, mwanga huenda usikotakiwa. Isitoshe, ndani ya H4 halisi kuna kikombe kidogo cha chuma kinachoukinga uzi wa dimu. Kwenye balbu zangu kikombe hicho kilikuwa kibati kilichopinda. Nilizitoa siku hiyohiyo, kwa kuwa sikutaka kumtia mwenzangu upofu ili mimi nione.

Ndipo nikageukia projekta, taa inayotupa mwanga kupitia lenzi, ambayo hufanya kazi kwa namna nyingine. Kiakisi chenye umbo la duaradufu hukusanya mwanga, kibati hukata sehemu yake, kisha lenzi nene huutupa barabarani ukiwa umepinduliwa, ndiyo maana kibati kinachokaa chini ndicho kinachoondoa mwanga wa juu. Katika projekta niliyoichagua, LED imejengwa pamoja na kiakisi chake tangu kiwandani, na ukiwasha fulu, sumaku ya umeme hukiondoa kibati. Gari likiwa limezimwa, utasikia mlio mdogo, "tak".

Seti ya kwanza niliyoletewa niliirudisha. Mpaka wa mwanga wa dimu haunyooki wote, bali hupanda kwa upande mmoja ili uangaze ukingo wa barabara na vibao vya alama. Ile ilipanda upande wa magari yanayokuja, maana ilitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha upande tofauti na wangu, na muuzaji hakulitaja jambo hilo hata kidogo. Tangu hapo, kabla ya kuuliza lumeni, naomba picha ya mwanga ukiwa ukutani, na natafuta alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini.

Kuhusu rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini (namba ndogo ni umanjano, kubwa ni weupe hadi ubuluu), nilichagua kelvini 5000. Halojeni huwa karibu na 3200, na zile balbu za mwanzo zilikuwa na weupe wa kibuluu uliopotea kabisa kwenye lami iliyolowa.

Ufungaji ulidai subira. Fundi alilainisha gundi ya taa kwa joto, akafungua kioo, akafunga projekta za inchi 2.5, kwa kuwa za inchi 3 zisingeingia bila kukata plastiki ya ndani. Baada ya mvua ya kwanza, taa ya kushoto ilijaa mvuke; gundi mpya ilikuwa haikushika kwenye kona ya chini, ikabidi ifunguliwe tena. Kisha tulizilenga: gari likiwa mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, tuliushusha mpaka wa mwanga sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya lenzi.

Sasa naiona miguu ya mtembea kwa miguu mapema, nikiwa na muda wa kutosha kupunguza mwendo, na hakuna anayenipigia fulu. Ninachokiona kuwa kasoro ni ule mpaka wenyewe, kwani juu yake giza ni zito kuliko nilivyozoea, na kwenye bonde lenye mwinuko mbele, barabara hukatika ghafla machoni mpaka gari lianze kupanda. Vilevile, nikipakia mizigo nyuma, pua ya gari huinuka na mwanga hupanda nayo, kwa hiyo huzungusha kitufe cha kushusha taa kabla sijaondoka.