Kanda ya LTO-8 na diski za Blu-ray: zipi zinafaa kuhifadhia kazi za studio

Mwaka jana mama mmoja tuliyempigia video ya harusi mwaka 2009 alirudi studio kwetu, Dar es Salaam, akiomba nakala nyingine kwa sababu baba yake mzazi, anayeonekana humo akimwozesha, amefariki dunia. DVD tulikuwa nayo kabatini, lakini nilipoiinua dirishani niliona doa la rangi ya chai limeanzia ukingoni na kuingia ndani, na hakuna kompyuta iliyokubali kuisoma. Tangu hapo nimetumia njia mbili sambamba kwa miezi minane: mashine ya kanda ya sumaku ya LTO-8, na kichomeo cha Blu-ray kinachoandika diski za M-DISC za gigabaiti 100.

Kwa wingi wa data, kanda haina mpinzani. Kaseti moja, inayoenea kiganjani, hubeba terabaiti 12. Ile 30 iliyoandikwa kwenye lebo inahesabu data iliyobanwa, na video huwa imeshabanwa tangu kwenye kamera, kwa hiyo mpiga video asiitegemee. Kazi zetu zote ni terabaiti 9. Tulianza kuziandika Jumamosi saa nane mchana, na Jumapili saa moja asubuhi zilikuwa zimekwisha. Mashine yenyewe ingeweza kumaliza kwa saa saba hivi, maana hufikia megabaiti 360 kwa sekunde, lakini diski kuu tulizokuwa tukinakili kutoka kwake hazikuweza kuilisha kwa kasi hiyo. Ikikosa data, kanda husimama, hurudi nyuma kidogo, kisha huanza tena, na mwendo huo ukizidi huichosha kanda na mashine pia. Kazi hizo hizo zingehitaji diski 90, na kila moja ilinichukua saa moja na nusu kuichoma, kabla hata ya kuihakiki.

Udhaifu wa kanda huonekana mteja anapotaka faili moja tu, kwa kuwa utepe wenyewe una urefu wa mita 960 na mashine hulazimika kuuzungusha hadi pahali husika, jambo linaloweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Hilo linavumilika. Kinachonitia hofu ni mashine: huuzwa kwa maelfu ya dola, nyingi huhitaji kadi ya kuunganishia iitwayo SAS, inayopachikwa ndani ya kompyuta, badala ya USB ya kawaida, na LTO-8 husoma kanda za LTO-7 na LTO-8 pekee. Kanda inaweza kudumu miaka 30 ikiwekwa pakavu na penye ubaridi, lakini mashine ikifa, na ya kizazi hicho isipatikane tena madukani, kanda nzima haina msaada.

Diski za M-DISC zimenirudishia imani niliyoipoteza kwa ile DVD. DVD za kuchoma nyumbani huhifadhi data katika tabaka la rangi ya kikemikali, ambayo mwanga, joto na unyevu wa pwani huichakaza. M-DISC hutumia tabaka gumu ambalo leza huliacha na alama za kudumu. Watengenezaji hudai miaka 1,000, dai ambalo hakuna aliye hai atakayelithibitisha, ila sababu ya kitaalamu ni ya kweli. Kilichoandikwa humo hakifutiki, hata kirusi kikiingia kwenye kompyuta zote za ofisi. Kichomeo chake kinapatikana kwa dola mia moja na ushee, mradi mnunuzi ahakikishe kina alama ya BDXL, kwani mashine nyingine za Blu-ray haziwezi kusoma diski za gigabaiti 100. Jambo moja la kuzingatia: Sony ilisitisha kutengeneza diski tupu za Blu-ray Februari 2025, na idadi ya watengenezaji inazidi kupungua.

Kwa studio yenye chini ya terabaiti moja, ningeshauri diski bila kusita. Sisi tumebaki na zote mbili. Video ghafi ziko kwenye kaseti mbili za kanda, moja ofisini na nyingine nyumbani kwangu, zote zikiwa zimefungwa kile kitufe kidogo cha kuzuia kuandikwa upya. Video zilizokamilika, zile ambazo familia itakuja kuziulizia, zimo kwenye M-DISC, na kila moja niliifungua kwenye kompyuta ya pili kabla ya kuirudisha kabatini.