Shokapu za mbele na breki za motokrosi za zamani: kabla hujatoa hela pima T

Mwaka jana niliinunulia Honda CR250R yangu ya 1980 shokapu za mbele za kampuni ya Kayaba, miguu unene milimita 43, kromu safi, sili hazivuji, pauni 180 kwenye gulio la spea za zamani huku Uingereza. Muuzaji akaniapia zinaingia moja kwa moja. Wapi! Zilikuja bila T, yaani zile bano mbili zinazoshika miguu ya shokapu, nikahangaika nikapata T ya modeli nyingine yenye matundu ya 43, nikampelekea fundi wa kukereza abadilishe stemu, ile nguzo ya T inayoingia kwenye fremu, pauni mia nyingine ikaenda, na kona ya kwanza tu usukani mzito, tairi la mbele linasukuma nje halitaki kukata.

Tatizo ni ofseti na hakuna anayeiongelea. Kila mtu anauliza unene wa mguu, springi, sili. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya stemu hadi mstari unaopita katikati ya matundu mawili ya miguu. Ikipungua, pikipiki inatulia kwenye mwendo lakini inakuwa nzito kukunja, ikizidi inakunja haraka ila mbele inacheza cheza ukifungua gesi. Na shokapu ndefu zaidi inanyanyua mbele, usukani unazidi kuwa mzito. Yangu ilikuwa na yote mawili, ofseti fupi na shokapu ndefu. Kwa hiyo weka rula juu ya T yako ya zamani, pima, andika, ndio uende sokoni.

Kwangu namba moja ni shokapu za Showa, na sifichi, mimi ni mtu wa Honda. Tafuta seti ya CR250R ya 1986, ndio mwaka walioweka katriji ndani, yaani kifaa kilichofungwa kinachodhibiti mafuta, na ukizoea zile za zamani utashangaa jinsi inavyomeza mashimo madogo bila kukupiga mikono. Chukua kila kitu: T, ekseli, ringi, diski, kalipa na pampu yake ya juu, usichanganye pampu ya pikipiki nyingine. Stemu isipolingana na fremu, kampuni ya All Balls wanauza beringi za kubadilishia.

Ya pili ni seti yenye diski ya KX ya Kawasaki au YZ ya Yamaha. Kawasaki waliweka diski mbele kwenye KX tangu 1982, YZ ikafuata 1985. Nzuri, na kuzirekebisha si kazi.

Kama unashindana kwenye daraja la Evo au twinshock (shokapu mbili nyuma), yale ya pikipiki za zamani, soma sheria kwanza maana mara nyingi diski hairuhusiwi kabisa. Hapo tafuta dramu ya YZ ya 1984, ile ya kamu mbili zinazosukuma viatu vya breki, ukiirekebisha vizuri ile fimbo ya kuunganisha kamu ili viatu vyote viwili viume pamoja inashika kweli. Ila angalia mguu wa shokapu una kile kishikio cha kuzuia sahani ya breki, ile inayobeba viatu. Kisipokuwepo ukikamata breki sahani inazunguka na ringi, utaanguka vibaya, tafadhali sana.

Shokapu mpya za bei rahisi zisizo na jina, hapana. Zile za kichwa chini, sehemu nene ikiwa juu, za 1989 kuja juu pia mimi siweki, ndefu mno kwa fremu hizi.

Kinachoniuma ni hawa wanaovunja seti. Mtu ananunua mbele nzima, anaitenganisha, T anaiuza peke yake, ringi peke yake, kalipa peke yake, ukijumlisha ni karibu mara mbili ya bei aliyonunulia, halafu vitu vilivyozaliwa pamoja havikutani tena. Sasa hivi nikimwandikia muuzaji ombi la kwanza ni picha ya T kutoka juu na rula ikiwa juu yake. Asiyetaka kuipiga sinunui kwake.