Tolie aliyenishonea upya sakafu ya Peugeot 404

Mimi ni mshonaji. Nashona nguo hapa Bel-Air, Lubumbashi, mwaka wa 19 huu, na tangu mwaka juzi jioni zangu naziishia kwenye garaji ya nyuma ya nyumba, na Peugeot 404 niliyoinunua kwa mjane wa jirani yetu. Gari hilo limepita mikononi mwa mafundi wengi. Leo nataka kusema juu ya mmoja tu: tolie, yaani fundi wa bodi za magari, wa mtaa wa Katuba aliyenitengenezea sakafu na kingo za chini ya milango, kazi ya wiki tatu na nusu. Jina na simu yake siweki, mwenyewe hakutaka. Lakini kazi yake nataka ijulikane, kwa sababu wanaonunua magari ya zamani mji huu wanamalizia pesa kwenye rangi huku chini kumeoza, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Bei kwanza, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Tulipatana dola 320 za mkono wake na wa kijana wake. Bati, oksijeni, karbire na rangi ya kuzuia kutu vilikuwa juu yangu. Vyote pamoja nilifika dola 485, na chakula cha mchana, ambacho kwangu si cha kuhesabu: mtu hawezi kulala chini ya gari lako kutwa halafu asile bukari, ugali wetu, nyumbani kwako.

Kabla yake gari lilikuwa limepita kwenye garaji nyingine mjini. Waliniambia wameziba matundu yote, wakapiga rangi ya krimu, likang'aa. Niliwalipa dola 180 na nikawashukuru. Msimu mmoja wa mvua ukapita, rangi ikaanza kufura chini ya milango kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Tolie wa Katuba alipokuja kuangalia, hakutoa chombo chochote cha ajabu. Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, akaifunga kwenye kitambaa ili isikwaruze rangi, akaiburuta polepole kutoka kwenye nguzo ya mlango kwenda chini. Juu ilinata mpaka ikabidi aivute kwa nguvu. Kiganja kimoja chini zaidi ikadondoka kwenye sementi. Akairudisha, ikadondoka tena. Pale hapakuwa na chuma, palikuwa na mastiki, ule uji mzito wa kuzibia bodi unaokauka ukawa mgumu.

Akachukua bisibisi, akasukuma. Ikaingia hadi kwenye mpini. Alipobandua lile gamba, ndani tukakuta vipande vya mfuko wa sementi vilivyokunjwa na kushindiliwa, na katikati yake karatasi ya daftari la mtoto wa shule, hesabu za kuzidisha kwa wino wa bluu, 7 × 8 = 56, na alama ya vyema ya mwalimu kwa wino mwekundu. Aliinyoosha juu ya kapo, yaani boneti, akaitazama kidogo, akaniambia: «Mama, hapa chuma hakuna tena. Walikuuzia karatasi.» Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye droo ya cherehani.

Mastiki yenyewe si dhambi. Inatumika kusawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima, unene wa milimita chache. Ukiiweka juu ya tundu lenye kutu, inanyonya unyevu kama sponji na kutu inaendelea kula nyuma yake bila mtu kuiona. Na Lubumbashi ni mahali pabaya kwa jambo hilo. Miezi ya kiangazi vumbi letu jekundu linaingia ndani ya kingo za chini ya milango, ambazo ni kama boksi refu lenye uwazi. Kiwandani waliacha matundu madogo ya kutolea maji. Vumbi likiyaziba, mvua za Novemba hadi Machi zinaligeuza kuwa tope, na tope hilo linakaa bichi wiki hata wiki. Basi gari linaoza kutoka ndani kuja nje. Siku unayoona rangi imefura, tundu lipo tayari.

Kwa 404 hilo si suala la urembo. Sedani hii haina chesi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kingo hizo mbili pamoja na sakafu ndizo uti wa mgongo wake. Wazee wa hapa wanaamini 404 haivunjiki, na wana sababu: gari lililochorwa na Pininfarina, likatoka 1960, likashinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Dereva Bert Shankland alishinda mara mbili nalo kwenye matope yale. Lakini gari la Shankland lilikuwa na chuma chake. Langu lilikuwa na hesabu za kuzidisha.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza hakuwasha moto kabisa. Alitoa betri, viti, mazulia, kisha akashusha tanki la mafuta na kulipeleka mwisho wa parsele, yaani kiwanja chetu, mbali na jiko la makala. Nilimwambia tanki ni tupu. Akanijibu kwamba hilo ndilo analoogopa, mvuke wa petroli kwenye tanki tupu unalipuka upesi kuliko tanki lililojaa. Halafu yeye na kijana wake wakakaa saa nne wakikwangua ile lami iliyobandikwa kiwandani juu ya sakafu ili kupunguza kelele, kwa sababu moto ukiigusa inawaka na kutoa moshi mweusi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku. Leo naona siku ile ndiyo iliyonipa haki ya kumwamini.

Siku ya pili aliliinua gari kwa vigingi vinne, akachomelea bomba la chuma katikati ya uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo hadi nguzo. Akakata upande mmoja tu. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, gari linalegea katikati, na ukishachomelea bati jipya umelifunga likiwa limepinda. Milango haitafunga tena maisha yako yote. Aliniomba futi yangu ya kushonea. Tukapima kutoka pembe ya juu ya uwazi wa mlango hadi pembe ya chini ya upande wa pili, tukaandika ukutani kwa chaki, na kila jioni tukapima tena. Siku ya kumi tulikuta tofauti ya milimita 3 upande wa kushoto. Hakubishana na futi. Alikata bandi zake sita, zile nukta za moto za kushikilia bati kwa muda, akainua kigingi kidogo, akaanza upya.

Nimesema bandi, na hapo ndipo moyo wangu ulipolala. Tolie wengi hapa hutumia mashini ya umeme na fimbo nene, ambayo kwenye bati la milimita 1 inatoboa tundu, kisha wanaziba tundu, kisha linatoboka jingine pembeni. Yeye anachomelea kwa gesi: chupa ya oksijeni, na pipa lake la karbire, yale mawe ya kijivu yanayotoa gesi yakikutana na maji. Umeme ukikatika, na mtaani kwetu unakatika, kazi inaendelea. Ubaya wa gesi ni joto jingi. Bati jembamba linajikunja kama nailoni chini ya pasi. Ndiyo maana hachomelei mstari mzima kwa mkupuo. Anapunguza moto mpaka koni nyeupe katikati yake inakuwa fupi na ncha ya mviringo, anaweka nukta moja huku, anaruka upande wa pili anaweka nyingine, kijana anafuata na kitambaa kibichi, tsss, nukta inapoa. Kati ya nukta na nukta sentimita 3 hivi. Bati likishatulia ndipo anarudi kujaza katikati, vipande vifupi vifupi. Hivyo hivyo ndivyo ninavyofunga mkono wa koti: napiga bandi mzunguko mzima, namvalisha mteja, natazama, ndipo nashona. Nilimwambia hivyo, akacheka, akaniambia basi mama shika hiki kitambaa. Nilikishika mchana mzima na wateja wangu wakasubiri.

Mahali alipopaswa kuweka kiraka, alikata mpaka akafika kwenye chuma kinacholia. Alikuwa akigonga na nyundo ndogo: chuma kizima kinatoa sauti ya kengele, kilichooza kinanyamaza. Upande wa dereva tundu la ukubwa wa sahani lilikuja kuwa la ukubwa wa sinia, na mimi tumbo likaniuma kwa kufikiria bati. Yeye akasema kiraka hakishonwi kwenye kitambaa kilichochakaa. Mtu wa vyuma kuniambia mimi hilo!

Yasiyonipendeza nayo niyaseme. Saa mbili yake ni saa nne. Kila siku. Oksijeni iliisha Ijumaa, na ingawa nilimwuliza Jumatano kama inatosha, alisema inatosha. Tukakaa siku tatu bila kazi, gari juu ya vigingi. Mpira wa mlango wa nyuma kulia uliungua kwa sababu hakuutoa, akasema atanunua mwingine, hajanunua. Na jambo kubwa zaidi: alifunga kingo ya kushoto bila kuacha matundu ya kutolea maji, yaani ugonjwa uleule tuliokuwa tunautibu. Nililigundua mimi nikipapasa kwa vidole chini. Alirudi kesho yake, akatoboa manne bila kuomba senti, lakini kama nisingepapasa ningekuwa na bwawa ndani ya chuma kipya. Ukimwita, papasa kabla hujamlipa sehemu ya mwisho.

Jambo moja tulilotofautiana. Kabla ya kufunga boksi alipaka ndani rangi nyekundu ya kuzuia kutu, vizuri. Lakini moto unapofunga mshono unaiunguza rangi hiyo sentimita kadhaa kila upande, na ndani huwezi kufika tena na brashi. Alinishauri nimimine oili iliyotumika. Sikukubali, oili iliyotoka kwenye injini ina tindikali ndani yake. Niliyeyusha grisi kwenye oili mpya ya moto, nikaipiga kwa bomba la sindano kubwa kupitia matundu yale manne, mpaka ikaanza kudondoka. Sementi ya garaji imekuwa na madoa. Na yawe.

Baada yake ndipo nikafanya yangu niliyokuwa nimeyasubiri: viti. Simili, yaani ngozi bandia, ya kahawia, gunia jipya juu ya springi, uzi wa nailoni, sindano namba 18, mishono miwili sambamba. Ndani ya milango nimeweka kitenge cha bluu na dhahabu badala ya ile kadibodi iliyokuwa imepinda. Wapo watakaosema 404 haikutoka kiwandani hivyo. Ni kweli, na mimi naipenda hivyo.

Namba niliyompa moyoni ni 8 kwa 10. Mbili nimezitoa kwa yale matundu na zile siku za oksijeni. Kwa kuchelewa asubuhi nimemsamehe.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku, ile inayopiga bati la nyumba hadi watoto wanaamka. Alfajiri nilitoka na tochi. Nilikuwa nimelilaza gari nje makusudi. Niliinua zulia upande wa dereva, nikaweka kitambaa cheupe cha pamba, nikakikanyaga kwa mguu mzima, nikakiinua: kikavu, kina vumbi kidogo tu. Nyuma kushoto, kikavu. Nyuma kulia, penye mpira ulioungua, kilitoka kibichi pembeni. Mbele kulia pia kuna mstari mwembamba wa maji unaoshuka kutoka kwenye mpira wa kioo cha mbele, huo si wake, ni wangu, na Jumamosi nautoa. Ule wa mlango nimempigia simu jana. Amesema saa mbili.