Rivyu: zile tableti za serikali ya Kenya za darasa la kwanza, kutoka kwa mwalimu anayezitumia

Wengi wanatukana hizi tableti na hawajawahi kuzishika. Mimi nafundisha madarasa ya chini kwa shule ya umma, wacha niseme vile ziko.

Kwa wenye wamesahau, 2013 serikali ilituahidi laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, tenda ikaleta kesi ikakwama, na majaribio yakaanza 2016 kwa shule 150, sasa badala ya laptop mtoto akapata tableti, laptop ikaenda kwa mwalimu, na kukawa na projekta na seva ndogo yenye masomo ndani ndio usitegemee intaneti.

Kifaa chenyewe ni kigumu bana. Kimevishwa raba nene, kimeangushwa kwa simiti mbele yangu, mtoto akaanza kulia akidhani amekiua, nikakiokota kinaendelea kuimba alfabeti. Na hiyo sauti ndio kitu nimeipendea. Niko na msichana hanyanyui mkono darasani hata ukimbembeleza, lakini nilimpata ameinamia tableti anasema "ng'ombe", akikosea anabonyeza picha anasikia tena, anarudia, hakuna wa kumcheka. Kwa Kiswahili na Kiingereza cha kuanza kusoma inasaidia sana, hisabati naona bado vizibo vya soda vinafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa shida. Earphone hatukupata, na darasa zima likibonyeza pamoja ni soko la mitumba la Gikomba siku ya kufungua beli. Nikawapanga watatu watatu kwa tableti moja, kelele ikapungua lakini mmoja kila saa ndiye anashika na wengine wanalia "mwalimu, huyu ananinyima!" Hata hivyo kila mmoja apate yake ingetoka wapi, zililetwa kwa hesabu ya watoto wa ule mwaka, na wale walipopanda darasa wakaja wengine wengi kuwaliko.

Halafu somo la madarasa ya chini ni dakika 30. Toa hapo kugawa, kuwasha, kutafuta ile imezima, na kukusanya ukihesabu, kwa sababu ikipotea moja mwalimu mkuu ndiye ataandika barua. Simlaumu yeye kuzifungia kabatini na kutembea na funguo, yeye ndiye alitia sahihi. Lakini siku ameenda mkutano basi hakuna tableti, na kwa vile soketi ziko ofisini peke yake, na mbili tu, kuchaji zote ni kazi ya wiki nzima kwa zamu na stima ikipotea unaanza upya. Betri zilizokaa miezi bila chaji zingine zimekufa kabisa, hizo hata fundi wa mtaani alikataa.

Masomo pia, zetu zilikuja na ya mtaala wa zamani wa 8-4-4, mtaala mpya wa CBC ukaingia 2019 na mimi nikabaki kuchagua chagua yenye bado yanaingiliana na mada.

Cha ajabu kinachotumika sana kwetu ni projekta. Tunafunika madirisha na leso, ukuta umepakwa nyeupe, watoto wote wanaona kitu kimoja na mimi nasimamisha pale nataka.

Kifaa nakipa nne kwa tano, mpango wa kukitunza mbili. Wazazi wenye wananiuliza wasaidie vipi, nunueni ekstensheni nzuri na zile earphone za waya za bei rahisi, za bluetooth zitatusumbua.