Sponji ya kuziba upepo: dirishani sawa, mlangoni hapana

Nyumba tuliyopanga hapa Lushoto ni ya zamani, madirisha ya mbao yamepinda, na Julai hii baridi ilitufuata mpaka kitandani. Nikanunua utepe wa sponji wenye gundi nyuma, roli ya mita 5, shilingi 4,500, duka la vifaa vya ujenzi mjini. Naupa nyota tatu kati ya tano.

Kabla ya kubandika niliwasha udi, nikaupitisha taratibu pembeni mwa fremu. Moshi ukipanda wima, hamna kitu. Ukikatika na kulala kuelekea chumbani, upepo unapita hapo. Dirisha moja tu lilikuwa na sehemu nne! Nimeziziba zote, pazia limeacha kucheza usiku.

Gundi ndiyo kero. Asubuhi ya pili kipande kizima kinaning'inia kama utumbo. Muuzaji akaniuliza, "Dada, ulifuta vumbi?" Nilifuta, tena kwa kitambaa kibichi, kumbe mbao inatakiwa iwe kavu kabisa. Nikarudia kwa spiriti. Wiki ya sita sasa, bado imeshika.

Chini ya mlango usijisumbue, uwazi wa kidole kizima sponji haiuwezi. Nimeshona mfuko mrefu wa kitenge nikaujaza maranda ya seremala. Mama mkwe anauita chatu.

Ila kama mnaota jiko la mkaa ndani, msizibe kila tundu. Kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, na inaua. Letu siku hizi linabaki uani.