Refraktomita ya shilingi 2,800: ningeinunua kabla ya samaki

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 2,800 pamoja na kuletewa mpaka Tudor, hapa Mombasa, na ikafika siku ya tatu. Ndani ya kisanduku mna refraktomita yenyewe, kipimo cha chumvi ya maji, ya chuma, ndefu kama mswaki, dropa mbili za plastiki, bisibisi ndogo na kitambaa. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina, na Kiingereza cha upande wa pili nilikisoma mara mbili nikaiweka kando. Betri haina wala haihitaji.

Kazi yangu ni friji na AC. Siku nzima nimeshika geji, na mteja akiniambia gesi imeisha simwamini mpaka nipime. Sasa sijui niwaeleze vipi kwamba fundi huyohuyo alifuga samaki wa baharini miezi saba bila kujua chumvi yake ni ngapi. Nilikuwa na haidromita ya plastiki, kipimo kinachokadiria chumvi kwa uzito wa maji, ile yenye mshale ndani, niliyouziwa pamoja na samaki. Mshale ule ukishikwa na kiputo cha hewa unapanda, na chumvi ikiganda pale unapozungukia, hauondoki tena. Wangu ulikuwa umeganda kwenye 1.025, namba ya tangi lenye chumvi sawasawa. Kila Ijumaa napima, 1.025, naenda zangu msikitini nimeridhika.

Tangi langu ni dogo, lita 75, na ukitoa mawe na mchanga maji yenyewe hayazidi lita 60. Mna samaki wawili wa anemoni, wale wa pwani yetu wenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe, na zoanthidi, jamaa za matumbawe, nilizoachiwa na rafiki aliyehamia Eldoret. Kaskazi ilipoingia, sebule ya ghorofa ya tatu ikawa tanuri na maji yakafika nyuzi 31. Nikafunga feni mbili ndogo za kompyuta zipulize juu ya maji. Hapo ufundi ulinifaa: maji yakivukizwa hubeba joto, ni ujanja uleule wa friji. Kesho yake yalikuwa 27, nikajiona bingwa.

Nilichosahau ni kwamba yanayoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki. Na mimi kila jioni nikiona maji yameshuka, nayajaza kwa maji ya bahari. Samaki wa bahari, maji ya bahari, nani angenihoji? Kila dumu nililomimina lilikuwa linaongeza chumvi juu ya chumvi.

Mwezi wa pili samaki wakaanza kuhema. Walijibanza pembeni mwa pampu, mashavu yanakwenda mbio. Siku hizo nilikuwa pia na kitatange mdogo, samaki ambaye leo najua hakustahili kabisa kutiwa kwenye tangi la kiasi hiki, lakini aliyeniuzia hakuniambia na mimi sikuuliza. Huyo ndiye aliyekufa kwanza. Nikarudi dukani. Muuzaji akaniambia ni ugonjwa wa ngozi, akanipa chupa ya dawa. Ilikuwa na shaba ndani. Shaba hutumika kweli kutibu samaki, lakini kwa kamba na konokono ni sumu. Asubuhi kamba wangu wawili walikuwa chali na konokono wote wameanguka kutoka kwenye kioo. Samaki bado wanahema.

Ndipo nikaagiza hii.

Kuitumia ni hivi: unainua kifuniko cha plastiki, unadondosha matone mawili matatu ya maji juu ya kioo cha mshazari, unafunika polepole kuanzia upande mmoja ili pasibaki kiputo. Unasubiri nusu dakika maji yapate joto la chuma. Kisha unaweka jicho na kuielekeza dirishani. Utaona duara, juu buluu, chini jeupe, na pale rangi mbili zinapokutana ndipo penye namba yako. Nilianza na maji ya betri, yale yaliyokenekwa yanayouzwa petroli stesheni (si asidi, jamani, someni chupa), ikasoma sifuri. Nikadondosha ya tangi. 43. Nikapangusa, nikarudia. 43. Nikamwita mke wangu bila kumwambia kitu, akaangalia huku mkono mmoja una unga. "Arobaini na tatu," akasema. "Ni nzuri au mbaya?"

Bahari yetu hapa ni 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi kwenye kila gramu elfu za maji, na 1.026 kwenye ngazi ya pili ya namba iliyo pembeni mwa duara, ile ya uzito wa maji kama ya haidromita. Samaki wa baharini huyanywa maji hayo, halafu huitoa chumvi kwa mashavu, na kazi hiyo hula nguvu yake mchana na usiku. Ukimzidishia chumvi ni kama kumpandisha mtu ngazi kila siku na gunia mgongoni, na kila siku unaongeza kilo.

Sikukurupuka kuyashusha. Kila siku nilichota lita 2 za tangi na kutia lita 2 za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kutoka duka la kujaza maji, yale yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Ya kisima cha jengo letu niliyapima nikayaacha, yalisoma 3, na hiyo ni chumvi tu, bado sijazungumzia mengine yaliyomo kwenye visima vya kisiwa hiki. Siku ya sita refraktomita ilisema 35. Kuhema kulipungua siku ya tatu, na siku ya nne yule jike, ambaye ndiye mkubwa, akaanza tena kumfukuza mumewe kwenye chakula. Sijawahi kufurahia ugomvi wa ndoa namna ile.

Faida nyingine sikuitarajia. Mimi huchota maji ya kubadilishia baharini mwenyewe. Masika yaliyopita, baada ya siku tatu za mvua, niliteremka hapa mkononi mwa bahari wa Tudor na dumu zangu mbili, nikapima kabla ya kujaza: 29. Mto Kombeni ulikuwa unashusha maji ya bara yote. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu aliniangalia nikikodoa kwenye hiyo darubini akacheka. "Mwanangu, hayo hata kwa ulimi utajua. Nenda nje, ngoja bamvua, chota maji yakijaa." Nilikwenda Nyali wiki iliyofuata, maji yamejaa, ikasoma 35 barabara. Tudor sichoti tena hata kiangazi, kwa sababu ya maji taka.

Sasa kasoro. Kubwa ni kwamba nyingi za bei hii ngazi yake imepigwa kwa chumvi ya mezani na si ya bahari, kwa hiyo bahari ya 35 inaweza kusomeka kama 36 na nusu. Kupima sifuri kwa maji ya betri hakutakuonyesha hilo. Dawa yake ni jikoni: gramu 73 za chumvi ya kawaida kwenye gramu 1,927 za maji hayo ya betri, koroga, acha yapoe sawa na chumba, dondosha, kisha zungusha skurubu ya juu mpaka mstari ukae 35. Yangu ilikuwa imezidisha kweli. Ina maana ile 43 ilikuwa 41 na ushei, na siku ya sita nilipitiliza mpaka 33 na ushei. Nilisimamisha kujaza siku moja, feni zikairudisha zenyewe.

Ndogo ni bawaba ya kifuniko. Imeanza kutu kwa sababu wiki mbili za kwanza niliirudisha kisandukuni bila kuisuuza kwa maji baridi. Na raba ya jicho imeshatoka mara mbili, nimeipiga gundi. Nyota nne.

Mwezi uliopita niliitia mfukoni nikaenda nayo lile duka nililouziwa kitatange. Nikaomba nipime tangi zao, muuzaji akaniambia pima tu. 27. Akanieleza bila aibu kwamba ndivyo wanavyoweka, chumvi ya kununua ni ghali na vijidudu vya samaki havipendi maji mepesi. Sawa, lakini mteja anamtoa samaki kwenye 27 anamtia kwenye 35 jioni hiyohiyo, na kupandishwa ghafla ndiko kunakoua kuliko kushushwa. Nilimwambia awaandikie wateja namba hiyo kwenye mfuko wa samaki, wakae nao siku kadhaa kwenye ndoo wakiwapandisha kidogo kidogo. Aliichukua refraktomita, akaigeuzageuza, akaangalia dirishani kwa jicho ambalo si lake la kulia, akaangalia tena.

"Fundi," akaniuliza, "hii nayo unauza?"