Skrubu za Jipsamu: Ipi Ununue Ukiwa Tanga

Dari ya jipsamu ikianza kutoa vidoa vya kahawia, lawama ya kwanza huenda kwa bati. Mara nyingine ni kweli, bati linavuja. Lakini vidoa vikiwa vidogo, vya duara, vimejipanga mstari mmoja, basi hivyo ni vichwa vya skrubu vinavyoshika kutu chini ya rangi.

Namba moja kwangu ni ya urefu wa milimita 35, meno yaliyoachana, iliyopakwa zinki. Nyumba nyingi huku dari hupigiwa kwenye mbao za mbili kwa mbili, na mbao hushikwa vizuri na meno ya namna hiyo. Skrubu iingie ndani ya mbao angalau milimita 16. Bodi ya jipsamu yenye unene wa milimita 9 inakuachia 26. Ya 12 inakuachia 23. Ukiipiga bodi ya 12 kwa skrubu ya 25, mbao inapata 13 tu, na mzigo wenyewe unaning'inia juu ya vichwa vya watoto. Zinki ni ghali kuliko nyeusi. Kwa nyumba ya Raskazone, au popote upepo wa bahari unapofika, lipa tu.

Namba mbili ni ya 25 yenye meno ya karibukaribu, kwa wanaotumia chaneli za chuma. Meno mapana kwenye chuma chembamba huzunguka bure. Chuma kikiwa kinene, tafuta yenye ncha ya drili.

Namba tatu ni ile nyeusi iliyojaa madukani. Si mbaya kwa chumba kikavu kule Korogwe au Handeni. Ila weusi ule ni kinga ndogo sana dhidi ya kutu, na skimu, ile plasta laini ya kuzibia vichwa vya skrubu na maungio kabla ya rangi, inapakwa na maji yake. Jikoni na bafuni usiithubutu.

Ya 50 inunue bodi mbili zikipandana tu. Muuzaji atakwambia ndefu ndiyo imara. Anauza, mwache auze. Misumari haimo kwenye orodha hii: mbao ikikauka husinyaa, msumari unachomoza na skimu inabanduka.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mbili tatu uzitazame. Kichwa kiwe kimepanuka taratibu kama mdomo wa tarumbeta, ili kizame kidogo bila kuchana karatasi ya bodi. Karatasi ikichanika, skrubu hiyo haishiki kitu; piga nyingine pembeni.

Idadi usikadirie kwa macho. Bodi ya futi 8 kwa 4, mbao zikiwa kila sentimita 40, ina mistari 7; skrubu kila sentimita 30 ni 5 kwa mstari, jumla 35. Ongeza kidogo za kupotea. Biti ya nyota namba 2, ile ncha ya mashine ya kukazia skrubu, nunua mbili, maana ikishalika inaanza kula vichwa vya skrubu, na fundi ataendelea nayo hivyohivyo.